Alizeti mwitu: mwongozo kamili wa kuipanda, kuikata na kuilisha shamba

Ukitoka Kisumu kwenda Busia, ukishafika Maseno, utaiona pande zote mbili za barabara. Ni vichaka virefu kumzidi mtu, na mvua zikielekea kukatika hufunikwa na maua ya njano mpaka majani hayaonekani vizuri. Waluo huyaita maua makech, Waluhya huyaita maua amalulu, na majina yote mawili yana maana moja: maua machungu. Kwa Kiswahili wengi wetu tunasema alizeti mwitu au alizeti pori. Wataalamu wa mimea wanaiita Tithonia diversifolia, na mabwana shamba husema tithonia tu.

Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Huku kwetu ililetwa kama ua la kupamba boma, ikatoroka, ikajisambazia yenyewe kandokando ya barabara na mipaka ya mashamba. Kwa miaka mingi watu waliikata na kuitupa. Kisha miaka ya 1990 watafiti waliokuwa Maseno, wa ICRAF (shirika la kimataifa la utafiti wa kilimo mseto cha miti na mazao) pamoja na wenzao wa taasisi za Kenya za misitu na kilimo, wakapima majani yake na kukuta chakula kingi cha mimea. Katika kila kilo 100 za majani makavu kuna takriban kilo 3.5 za naitrojeni, kilo 0.37 za fosforasi na kilo 4.1 za potasiamu. Hicho kiasi cha fosforasi ndicho kilichowashtua, kwa sababu majani mengi yanayotumika kama mbolea ya kijani huwa na fosforasi kidogo kuliko hapo, na udongo wetu mwekundu wa magharibi una njaa ya fosforasi kuliko kitu kingine.

Jambo moja liwekwe wazi kabla hatujashika jembe. Alizeti mwitu si jamii ya kunde. Haitengenezi naitrojeni kutoka hewani kama yanavyofanya maharagwe au mti wa sesbania. Inachofanya ni kukusanya: mizizi yake inafyonza chakula pale ilipo, inakipandisha kwenye majani, na wewe unakata majani na kukipeleka kwenye mboga. Kwa hiyo faida unaipata ukiiotesha mahali ambapo hukuwa ukilima, kama mpakani, kando ya njia au kwenye ukingo wa makinga maji. Ukiipanda katikati ya shamba lako zuri halafu ukaikata kulisha kona nyingine, umehamisha chakula kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine na jasho limekutoka bure.

Itambue vizuri

Jani lake lina mikato mirefu, mara nyingi sehemu tatu au tano, kama kiganja kilichofunguliwa nusu. Majani ya juu kabisa karibu na ua yanaweza kuwa hayana mikato, yasikuchanganye. Shina la chini hukomaa na kuwa gumu kama mti, na la juu hubaki laini na la kijani. Ua ni pana kama kiganja cha mtoto au zaidi, petali za njano iliyoiva, na kitovu nacho ni cha njano, si cheusi wala cha kahawia kama cha alizeti ya mafuta.

Alama ninayoiamini kuliko zote ni kikonyo cha ua. Kishike kati ya vidole viwili, uvipandishe vidole taratibu kuelekea juu. Karibu na ua utahisi kinanenepa kama shingo ya kibuyu. Kipasue kwa ukucha: ndani ni kitupu. Kisha sugua jani mkononi, ulambe kidole. Uchungu huo hautausahau, na hapo utaelewa kwa nini mababu walilipa jina lile.

Kuna ndugu yake mwenye maua ya rangi ya chungwa iliyokolea kuelekea nyekundu, Tithonia rotundifolia. Huyo ni wa msimu mmoja, akishachanua anakufa, na hafai kwa kazi hii. Tunayemtaka sisi ni wa njano, anayeishi miaka na kuchipua kila akikatwa.

Mahali pa kuipanda, na mahali pa kuiacha kabisa

Hapa naomba nieleweke. Mmea huu ni mvamizi. Afrika Kusini sheria inaiweka kwenye orodha ya mimea ambayo mwenye ardhi anatakiwa kuidhibiti, na hapa kwetu Afrika Mashariki imeshafunika kingo za mito na maeneo ambayo zamani yalikuwa na mimea ya asili. Kama kijijini kwenu haipo, usiilete. Mbolea ya kijani nyingine zipo. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anaishi nayo, anaipita kila asubuhi akienda kisimani, na anataka imlipe kwa nafasi inayoichukua.

Hata hapo ilipo tayari, usiipande kando ya mto au kijito, wala karibu na msitu wa hifadhi. Mbegu zake ni nyepesi, maji yanazibeba na upepo unazisukuma. Ichagulie sehemu kavu kiasi, yenye jua la kutosha, isiyotuamisha maji. Mpaka wa shamba ni mzuri mradi mmeelewana na jirani. Ukingo wa makinga maji ni mzuri zaidi, kwa sababu mizizi yake inashika udongo na maji ya mvua yanakwama pale. Iache umbali wa angalau mita mbili kutoka kwenye matuta ya mboga, kwani mizizi haichagui chakula cha nani inakula.

Kupanda kwa vipandikizi

Njia hii ndiyo ninayoipendekeza kwa kila mtu. Ni ya haraka, na unajua hasa miche mingapi umeweka na iko wapi.

Subiri mvua zianze kweli, siyo ile ya kwanza inayotuliza vumbi tu. Kwa magharibi ya Kenya ni Machi kwa mvua ndefu, na Agosti au Septemba kwa mvua fupi. Kwingine fuata masika na vuli zenu. Udongo uwe umelowa kina cha kiganja.

Chagua shina lililokomaa nusu: gamba limeanza kuwa la kahawia, lakini ukilikwaruza kwa ukucha ndani bado ni kijani. Shina laini la juu huoza, na lile nene la chini kabisa lililokauka huchelewa. Kwa panga kali, kata vipande vya sentimita 20 hadi 40, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au vinne. Juu kata moja kwa moja, chini kata mshazari. Hiyo itakusaidia kukumbuka upande upi unaingia ardhini, na mshazari huchoma udongo kwa urahisi. Pukutisha majani yote.

Panda siku hiyohiyo. Vipandikizi vilivyolala nje juani siku mbili hupoteza maji na vingi havishiki. Kama shamba liko mbali, vifunge kwenye gunia lililoloweshwa na viweke kivulini.

Chomeka nusu au zaidi ya urefu ndani ya udongo, wima au mshazari kidogo, vifundo viwili viwe chini. Kanyaga udongo kwa kisigino pembeni yake ili pasibaki uwazi. Kati ya kimoja na kingine acha sentimita 30 ukitaka wigo mzito, au 50 ukiwa na vipandikizi vichache.

Usivilaze. Mara yangu ya kwanza nilichimba mfereji nikavipanga vimelala, nikafukia, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukipanda muwa. Nyanya alikuja akasimama juu ya mfereji, akaniangalia mpaka nikamaliza. "Mjukuu wangu," akaniambia, "hiyo si muwa. Isimamishe." Sikumsikiliza. Mita kumi na tano nilizofukia zilinipa machipukizi machache, hayafiki hata thuluthi ya nilivyoweka, na msimu uliofuata nikarudia kazi yote nikivisimamisha kama alivyosema. Watafiti nao walikuta hivyohivyo: kilichosimama kinashika vizuri, kilicholazwa kinasuasua.

Adui mkubwa wa wiki za kwanza ni mchwa. Wanapenda kipandikizi kilichoanza kukauka. Kama shamba lako lina mchwa wengi, panda mvua ikiwa imechanganya kabisa, usiweke matandazo makavu kugusa shina, na weka vipandikizi vya ziada kando ili uje kuziba mapengo. Machipukizi ya kwanza hutokea kwenye vifundo vya juu. Kipandikizi ambacho kimekaa mwezi mzima na hakina chipukizi, king'oe uweke kingine.

Kama huna shina la kukata

Mbegu zinaota, lakini zinadeka. Ukizifukia kirefu, au ukizifunika kwa udongo mzito wa mfinyanzi, hazitoki. Zimwage juu ya kitalu kilicholainishwa, zifunike kwa mchanga mwembamba, halafu tandaza nyasi kidogo na umwagilie kwa mkono mwepesi. Ondoa nyasi mara tu miche inapochomoza.

Kuna njia ya tatu ambayo ni rahisi kuliko kitalu. Chini ya kichaka kilichochanua msimu uliopita hujaa miche iliyoota yenyewe. Ing'oe na udongo wake baada ya mvua, ikiwa na urefu wa kiganja, uihamishe. Unapata miche, na papo hapo unapunguza ile ambayo ingekuwa magugu.

Kukata: hapa ndipo kazi ilipo

Ipe mimea muda wa kujijenga. Wigo mpya usiukate mpaka umefika mabegani na mashina ya chini yamekuwa magumu. Kwa mvua nzuri hilo linachukua msimu mmoja. Ukikata mapema kwa tamaa, mizizi inabaki dhaifu na kiangazi kitaumaliza.

Baada ya hapo kata ukiacha kisiki cha nusu mita, kati ya goti na paja. Ukikata chini kabisa kinachelewa kuchipua, na ukikata juu sana unabaki na msitu wa fito usio na majani. Wakati wa mvua wigo huwa tayari tena baada ya miezi miwili hivi. Kiangazi uache upumzike.

Kanuni ninayoishika bila kuivunja ni hii: kata kabla tumba halijafunguka. Sababu ni mbili. Ya kwanza, majani yana chakula kingi zaidi kabla ya mmea kukihamishia kwenye maua na mbegu. Ya pili, ua lisilofunguka halitoi mbegu, na mmea usiotoa mbegu hautavuka mpaka wako. Mwaka mmoja nilisafiri nikaacha kipande cha upande wa chini kikachanua na kukauka. Mvua iliyofuata miche ilitapakaa kwenye mahindi ya jirani aliye chini yangu kama mtu aliyeimwaga kwa debe. Nilikwenda kuing'oa mwenyewe, siku tatu, na bado alikuwa na haki ya kukasirika.

Ukishakata, kaa kivulini na utenganishe. Majani na ncha laini za kijani ndizo mbolea. Mashina magumu hayaozi haraka na chakula chake ni kidogo. Yaanike yawe kuni. Usiyaache yamelala kwenye udongo wenye unyevu, kwa sababu baadhi yatatoa mizizi na utakuwa umepanda usichokusudia.

Hesabu kabla ya kubeba

Watu wengi hukata tamaa na tithonia kwa kuwa hawakufanya hesabu. Tuifanye pamoja.

Kiwango kilichotumika sana kwenye majaribio ni tani 5 za majani makavu kwa hekta. Majani mabichi karibu asilimia 80 ni maji, kwa hiyo ni tani 25 mbichi. Kwa ekari moja inakuja karibu tani 10. Nani atabeba tani 10 kichwani? Ndiyo maana nasema waziwazi: usianze na ekari ya mahindi. Anza na mboga, ambapo eneo ni dogo na kila kilo ya majani inarudi ikiwa pesa. Hata utafiti wa magharibi ya Kenya ulionyesha kwamba gharama ya kukata na kubeba inalipa vizuri zaidi kwenye sukuma wiki kuliko kwenye mahindi.

Tuta la mita moja kwa mita kumi linataka kilo 25 za majani mabichi. Gunia langu la mahindi nikilishindilia majani hubeba kilo 20 hivi, lako lipime mwenyewe mara moja ujue. Hizo kilo 25 zina naitrojeni inayokaribia ile iliyo kwenye gramu 380 za urea, na juu yake zina fosforasi na potasiamu ambazo urea haina kabisa. Wigo wangu wa mita 40, ukikatwa mara moja mvua zikiwa nzuri, hunitosha matuta manne.

Kuitia kwenye sukuma wiki

Katakata majani kwa panga yawe vipande vya urefu wa kidole. Chimba mashimo au mfereji wa kina cha sentimita 15. Kwa mistari miwili kwenye tuta, kila shimo linapata zaidi kidogo ya nusu kilo. Funika kwa udongo, mwagilia kama mvua haijanyesha, uache kwa wiki moja.

Chimbua shimo moja siku ya saba uone. Majani yaliyokuwa kijani yatakuwa yamegeuka meusi na kulegea kama mboga iliyopikwa kupita kiasi, na udongo ulioyazunguka una uvuguvugu. Hii ndiyo sifa kubwa ya tithonia: inaoza haraka mno, na sehemu kubwa ya chakula chake huachiliwa ndani ya wiki chache za mwanzo. Kama bado kuna joto, ngoja siku nyingine tano ndipo uhamishie miche, usije ukaunguza mizizi michanga. Kasi hiyo ina upande wake wa pili: usifukie majani mwezi mzima kabla ya kupanda, kwani mvua itakuwa imeshachukua fungu lako.

Kwa mboga ambazo tayari zimekua, tengeneza mbolea ya maji. Jaza ndoo ya lita 20 majani yaliyokatwakatwa mpaka nusu, mimina maji ijae, funika, ukoroge kila siku au kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki mbili hivi maji yatakuwa meusi na harufu itakuwa kali, kwa hiyo ndoo isikae karibu na jiko. Chuja, changanya kipimo kimoja na vipimo viwili au vitatu vya maji safi, umwage kwenye udongo kuzunguka shina, si juu ya majani utakayokula.

Kama unataka kuijaribu kwenye mahindi, fanya kwa kipande kidogo, na uisaidie. Kwenye udongo mwekundu unaoshikilia fosforasi, majani peke yake kwa kiwango kidogo hayatoshi. Majaribio ya magharibi ya Kenya yaliichanganya tithonia na fosfeti ya mawe ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, Tanzania, na mchanganyiko huo una mantiki: majani yanaleta naitrojeni na potasiamu, mawe yanaleta fosforasi ya kukaa.

Na wigo nao ulishwe. Kila mwaka ukiukata bila kuurudishia chochote, utaanza kuona majani membamba, yaliyopauka, na machipukizi machache. Mara moja kwa mwaka mwaga samadi kidogo au majivu ya jikoni kwenye shina lake.

Mifugo na dawa

Mbuzi wengine wanaila vizuri, wengine wanaigeuzia mgongo kwa uchungu wake. Colombia, ambako huitwa botón de oro, wafugaji huipanda makusudi kwa ajili ya ng'ombe. Ukitaka kujaribu, changanya kidogo na nyasi za nepia na uongeze polepole.

Kuinywa ni suala jingine. Najua nyumba nyingi huchemsha majani yake kwa malaria au tumbo. Kuna viini ndani yake ambavyo maabara zimeona vinapambana na vimelea vya malaria, lakini majaribio kwa panya yameonyesha pia madhara kwenye figo na ini. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa. Majani yabaki shambani.

Ukitaka kuiondoa

Kukata peke yake hakuiui, kunaichangamsha. Ngoja udongo ulowe, chimba kuzunguka kisiki kwa jembe la meno, ung'oe shina na mizizi yake yote, uvianike juu ya mawe au kwenye uchanja mpaka vikauke kabisa ndipo viwe kuni. Rudi baada ya kila mvua kung'oa miche midogo, na utarajie kurudi hivyo kwa misimu kadhaa, maana mbegu zilizolala udongoni haziamki zote siku moja.

Mimi nimebakiza kichaka kimoja karibu na mlango wa jikoni kwa ajili ya nyuki, kwa kuwa hukichangamkia sana kikichanua. Petali zikianza kunyauka nachukua mkasi, nakata vichwa vyote kabla kitovu hakijakauka, natia kwenye ndoo, na jioni hiyohiyo vinaingia motoni.